Umri Halisi wa Bi. Leokadia

Ipo nchi moja, sitaitaja jina, si kwa uoga bali kwa heshima, ambayo serikali yake iliwapenda wazee kupita kiasi. Iliwapenda hata ikawajengea jengo la ghorofa ishirini na sita katikati ya jiji kuu, lenye vioo vya bluu na lifti sita, likaitwa Nyumba ya Uzee Mwema. Fedha za kulijenga zilitoka kwa wafanyakazi wenyewe, waliokatwa kila mwezi kwa ajili ya maisha ya uzeeni. Ghorofa ishirini na nne hazikuwa na mpangaji hata mmoja, lakini taa zake ziliwashwa kila jioni ili wazee wakipita barabarani waone jinsi walivyotunzwa.

Chini kabisa ya jengo hilo, mahali ambapo lifti haikufika, palikuwa na masijala ya Mfuko wa Uzee Mwema, yaani chumba cha kutunzia mafaili ya watu wote waliokatwa. Karani wa masijala aliitwa Bi. Leokadia Mbunju. Alikuwa na miaka sitini kasoro wiki chache, na thelathini na saba kati ya hiyo alikuwa ameimalizia humo. Alilijua kila faili lilipo. Magoti yake tu ndiyo yalikuwa yameanza kulia alipochuchumaa kwenye rafu za chini, kwa hiyo wananchi ambao majina yao yalianza na W na Z walihudumiwa polepole kidogo kuliko wengine.

Tarehe mosi Julai angestaafu. Hakuwa na mipango mikubwa. Mumewe, Mzee Damasi, alikuwa fundi seremala, na kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mbao alizipima kwa viganja. Chakula cha mchana aliachiwa mezani kimefunikwa kawa, na mara mbili Bi. Leokadia alipata habari kutoka kwa majirani kwamba mzee alikuwa anakula sahani moja na paka bila kujua. Alichotaka Bi. Leokadia ni kuwa nyumbani saa saba mchana. Hakuna kingine.

"Mwezi wa saba tutakuwa tunakula pamoja," alimwambia mumewe.

"Na paka je?" aliuliza Mzee Damasi.

"Paka atafute utaratibu mwingine."

*

Mwezi Mei wa mwaka huo Mfuko ulitoa taarifa kwamba hali yake ni imara mno, isipokuwa kwa udhaifu mmoja mdogo: wanachama wake walikuwa wanafikia umri wa kustaafu. Walikuwa wanafanya hivyo kila mwezi, tena kwa makundi, na hawakuonyesha dalili za kuacha.

Aliyepewa kazi ya kuutatua udhaifu huo ni Waziri wa Ustawi wa Baadaye, Mheshimiwa Daktari Anakleti Kihwili. Alisimama bungeni akiwa na suti ya kijivu na miwani ambayo aliivua kila alipotaka kusema jambo la kitaalamu.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "kwa muda mrefu tumelaumiwa kwamba pensheni haitoshi. Tukaunda tume. Tume ikatembelea nchi kumi na moja zenye wazee, ikarudi ikiwa imechoka sana. Imebaini kwamba pensheni inatosha kabisa. Kilichozidi ni wastaafu."

Wabunge walipiga meza. Waziri akavua miwani.

"Sasa, hawa wastaafu wanatoka wapi? Wanatokana na kuhesabu vibaya. Mtu anazaliwa, anakaa, anakaa, halafu siku moja anakuja ofisini anasema ana miaka sitini. Nani amemthibitishia? Katika miaka hiyo alilala. Alikula. Alikuwa mtoto, na wengine walikuwa watoto kwa muda mrefu tu. Je, ni haki taifa limlipe mtu uzee ambao hakuufanyia kazi?"

Ndipo ukasomwa Muswada wa Sheria ya Umri Halisi. Kwa sheria hiyo, umri wa mtumishi ungehesabiwa kwa saa zile tu alizolitumikia taifa kwa dhati. Swali lililoulizwa lilikuwa moja: je, sheria inawagusa viongozi? Waziri alijibu kwamba viongozi wana jedwali lao mwishoni. Kiongozi, alifafanua, hufanya kazi kwa mwili, kwa akili na kwa maono, kwa hiyo kila saa yake ni saa tatu. Na akiwa safarini ughaibuni zinaongezwa nyingine, kwa kuwa anakuwa anazeeka katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Wabunge waliridhika. Muswada ulipita kati ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi, na mimi naona ulipita kwa mwendo mzuri, maana yapo mabunge ambayo yangesoma kwanza.

*

Wiki ya kwanza ya Juni Bi. Leokadia alipanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza kwenda kukokotolewa. Aliyekaa mbele ya kompyuta alikuwa Bi. Skolastika, Mkokotoaji Mkuu, mtu waliyekunywa naye chai miaka ishirini.

"Tarehe ya kuzaliwa tuiache, Mama Koleta," alisema Bi. Skolastika. Koleta ni binti wa Bi. Leokadia na Mzee Damasi, aliyeolewa mkoa wa mbali. "Siku hizi haina kazi. Ulianza ajira ukiwa na ishirini na mitatu, kwa hiyo hiyo ishirini na mitatu tunaitoa. Hukuwa unazalisha."

"Nililima kwa baba yangu."

"Baba yako hakuwa anakatwa. Imebaki thelathini na saba. Usingizi, kumi na miwili."

"Nilikuwa nalala nyumbani, si ofisini."

"Ndiyo maana unatolewa. Jumamosi na Jumapili, mitano. Likizo, uzazi na misiba, miwili. Chai, miwili."

"Tulikunywa wote."

"Na mimi nimetolewa yangu. Kusubiri sahihi za wakubwa, mwaka mmoja na miezi tisa." Akabonyeza kitufe cha mwisho, akasubiri, akageuza kioo cha kompyuta ili mwenzake naye aone. "Hongera. Una miaka kumi na minne na miezi mitatu."

Bi. Leokadia aliitazama ile namba kwa muda. Halafu akaitazama mikono yake.

"Na nitastaafu lini?"

"Ukiendelea kwa kasi hiihii, baada ya miaka mia moja na kumi na tisa."

"Nitakuwa hai?"

"Hicho kipengele hakimo."

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Nchi ile iliwapenda watoto pia, na ilikuwa na sheria ya zamani ya kuzuia kumwajiri yeyote aliye chini ya miaka kumi na mitano. Lakini Waziri alikuwa ameliona hilo mapema. Bi. Skolastika alifungua droo, akatoa karatasi ngumu yenye sahihi ya Waziri mwenyewe, iliyoandikwa KIBALI CHA MTOTO KUFANYA KAZI.

"Kitunze," alisema. "Hata mimi ninacho. Nina miaka tisa. Nilijifungua mara nne."

*

Kitambulisho cha Umri Halisi kilipotoka, vyombo vyote vya dola viliagizwa kukitambua. Siku ya tatu mtendaji wa mtaa akabisha hodi nyumbani kwa Bi. Leokadia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, naye aliruhusiwa kubaki na umri wake wote kwa sababu ajira yake ilikuwa ya muda na hakukatwa chochote.

Alisimama mlangoni, akanyamaza. Bi. Leokadia naye akanyamaza, akisubiri salamu. Wakakaa hivyo mpaka kuku wawili wakapita katikati yao. Hatimaye Bi. Leokadia akaelewa mtendaji alikuwa anasubiri nini.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu, hujambo. Kuna mtu mzima hapa?"

Mzee Damasi alikuwa uani anapiga randa. Akaitwa. Mtendaji akaomba cheti cha ndoa, akakisoma, akatoa kalamu akafanya hesabu pembeni.

"Ndoa hii ina miaka thelathini na sita," alisema. "Imefungwa miaka ishirini na miwili kabla bibi harusi hajazaliwa. Hapa hakuna ndoa, mzee wangu."

"Sasa mimi nimekuwa nani?" aliuliza Mzee Damasi.

"Tutakuandika mlezi."

"Mlezi analipwa?"

"Mlezi anapeleka mtoto shule."

Hivyo ndivyo Bi. Leokadia alivyoandikishwa darasa la saba katika shule ya msingi ya pale mtaani. Jumatatu alikwenda, kwa sababu alikuwa mtu wa kutii sheria. Dawati halikupokea magoti yake, akakaa ubavuubavu. Hakuwa peke yake. Darasa la nne lilikuwa na wahasibu wawili na mpima ardhi, na darasa la kwanza lilikuwa na dereva wa gari la wagonjwa ambaye naye alikuwa ameugua sana maishani. Mwalimu mkuu aliwapokea vizuri, akaomba tu wasivute sigara paredi.

Lakini shule ilianza saa moja na nusu asubuhi, na ofisi nayo ilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na nyuma ya kile kibali palikuwa pameandikwa kwamba mtoto atakayekosa kazini atakatwa mshahara. Jumanne Bi. Leokadia akaenda ofisini. Jumatano pia. Alhamisi ikaletwa hati ya kumwita Mzee Damasi mahakamani, kwa kosa la kumnyima mtoto haki ya elimu.

*

Kesi ilisikilizwa tarehe kumi na sita Juni. Hakimu alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya upole, na ukutani kando ya nembo ya taifa alikuwa ametundika kibali chake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Bi. Leokadia aliitwa kama shahidi. Kwa kuwa alikuwa mtoto, sheria ilitaka kwanza apimwe kama anaelewa kiapo.

"Mtoto," alisema hakimu, "unajua maana ya kusema kweli?"

"Najua, Mheshimiwa. Nimefanya kazi masijala miaka thelathini na saba."

"Unampenda mlezi wako?"

Bi. Leokadia alimtazama Mzee Damasi kizimbani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kwa sababu ya macho alikuwa amegeukia ukuta akidhani ndiko aliko hakimu.

"Nimemzoea," alisema.

Hakimu alipekua vitabu vyake kwa nusu saa. Sheria moja ilimtaka mtoto awe shuleni saa moja na nusu. Nyingine ilimtaka mtoto huyohuyo awe kazini saa moja na nusu. Akaamua kesi iahirishwe hadi tarehe thelathini, mshtakiwa alete barua ya Waziri inayoeleza mtoto atii ipi. Barua isipopatikana, mahakama itafuata sheria iliyotangulia kutungwa, ambayo ni ya elimu, na mlezi atatumikia kifungo cha miezi sita.

"Huko gerezani kuna karakana ya useremala?" aliuliza Mzee Damasi.

"Ipo, mzee."

"Basi si haba. Ila nipewe mbao laini. Siioni misumari vizuri."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Bi. Leokadia amemshika mumewe kiwiko. Mzee Damasi aliongea njia nzima kuhusu aina za mbao ambazo serikali inaweza kuwa nazo. Bi. Leokadia alikuwa anawaza mtu asiyeona kokoto ya barabarani atatembeaje ndani ya geti la gereza, na nani atamwambia mahali mlango ulipo. Walipofika hakuwasha jiko. Alitoa karatasi akamwandikia Waziri.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja: "Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa." Bi. Leokadia aliijua sentensi hiyo. Nakala zake zilijaza rafu nne.

*

Tarehe ishirini na tano Juni, siku tano kabla ya hukumu, lililetwa masijala faili jipya la mstaafu. Lilikuwa la Mheshimiwa Daktari Anakleti Kihwili.

Waziri alikuwa amekokotolewa kwa jedwali la viongozi. Alizaliwa miaka hamsini na sita iliyopita, na alikuwa kiongozi kwa miaka ishirini na miwili. Hiyo ishirini na miwili ilizidishwa kwa tatu, ile mingine ikaachwa ilivyo. Zikaongezwa safari. Jumla ikaja miaka mia moja na kumi na moja. Kwa kuwa alikuwa ameupita umri wa kustaafu mara moja na kitu, alianza palepale kulipwa pensheni huku akiendelea na uwaziri, na inasemekana alipokea habari hiyo kwa unyenyekevu.

Bi. Leokadia alilisoma faili kama alivyosoma mafaili yote, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Kisha akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ya arobaini na moja, iliyotungwa na Waziri huyohuyo miaka michache nyuma ili kukomesha wastaafu hewa, ilisema hivi: "Mstaafu yeyote atakayezidi miaka mia moja na kumi atahesabiwa kuwa amefariki, bila kujali maoni yake."

Hakutaka kujiamulia. Aliandika dokezo: "Mwenye faili hili amezidi umri wa Kanuni ya 41. Naomba maelekezo." Akalipeleka juu kwa Bi. Skolastika. Bi. Skolastika alikuwa na mafaili mia tatu mezani na hakuwa na muda wa kufunga jalada asome jina. Aliandika chini yake: "Fuata utaratibu."

Bi. Leokadia alifuata utaratibu. Alipiga muhuri wa MAREHEMU, akaingiza kwenye kompyuta, akaliweka faili kwenye rafu ya marehemu, akanawa mikono. Kama alijua kitakachofuata, mimi siwezi kusema. Nilimwuliza baadaye, akanijibu kwamba muhuri ulikuwa karibu.

*

Waziri alipata habari za kifo chake kesho yake asubuhi, akiwa anakula maandazi. Redio ya taifa ilisema taifa limepoteza nguzo. Alipiga simu studio. Wakamjibu kwa adabu kwamba wameagizwa kutopokea simu za matapeli wanaojifanya marehemu. Alikwenda wizarani. Mlinzi wa getini, ambaye alimfungulia kila siku kwa miaka sita, alimpa pole, akamwonyesha picha yake iliyofungwa utepe mweusi, akamwambia ofisi zimefungwa kwa msiba.

Wenzake serikalini walijua kwamba yu hai. Wawili walikula naye chakula cha jioni. Lakini fungu la maombolezo la mwaka huo wa fedha lilikuwa halijaguswa na lingerudi hazina baada ya siku nne, kwa hiyo zikatangazwa siku tatu za maombolezo, mahema yakakodishwa, na mkewe akakabidhiwa hundi ya mafao ya mjane. Mkewe alimshauri asikurupuke.

Siku ya nne Waziri alikwenda Nyumba ya Uzee Mwema kuhakikiwa kwamba ni hai. Uhakiki huo aliuanzisha mwenyewe. Alipanga foleni juani nyuma ya walimu wastaafu themanini, wengine na viti vyao, na ilipofika zamu yake kola ya shati ilikuwa imelala.

"Barua ya mtendaji wa mtaa," alisema Bi. Skolastika bila kuinua kichwa.

"Hii hapa."

"Picha mbili."

"Hizi hapa."

"Fomu iwe na sahihi ya Waziri."

"Mimi ndiye Waziri."

Bi. Skolastika alimtazama, akamtambua, akasimama nusu kwa heshima. "Waziri amefariki, Mheshimiwa. Pole sana. Tulikuwepo msibani, ofisi nzima."

"Nitaisaini mwenyewe hapahapa."

"Sahihi ya marehemu haipokelewi. Ni waraka wako." Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Jaribu chini, masijala. Lifti haifiki. Uangalie ngazi ya tatu, imevunjika."

*

Katika miaka yake sita ya uwaziri, Waziri hakuwahi kushuka masijala. Bi. Leokadia alimpangusia stuli, akampa maji ya kunywa, akasubiri apumzike. Kisha akamweleza hali ilivyo.

"Faili haliwezi kutoka rafu ya marehemu, Mheshimiwa, mpaka umri upungue. Kompyuta haikubali."

"Basi upunguze."

"Niliona huenda ukahitaji, nikajaribu kukukokotoa kama mtumishi wa kawaida." Akamsogezea karatasi. "Nimetoa utoto, usingizi, safari, semina za ufunguzi, semina za kufunga, na muda ulioonekana bungeni umefumba macho. Imebaki wiki sita."

Waziri aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Wiki sita za nini?"

"Za umri. Utakuwa hai, hilo halina shida. Ila utakuwa mtoto mchanga, na itabidi mama apeleke kadi ya kliniki kila mwezi. Kwa uwaziri sijui watasemaje."

Waziri alitazama rafu zilizomzunguka, mafaili elfu na elfu ya watu ambao nao walikuwa wamepunguzwa. Sitaki kudanganya kwamba aliwaonea huruma. Alikuwa anatafuta mlango.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ile ya zamani. Kuhesabu tangu siku mtu alipozaliwa. Ila inahitaji waraka wa Waziri, wenye tarehe ya kabla hajafariki."

"Andika. Andika kwamba viongozi watahesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa."

Bi. Leokadia alivuta taipureta. Kisha akaacha mikono hewani.

"Kompyuta ikiona neno kiongozi inazidisha kwa tatu, Mheshimiwa. Utakufa tena jioni."

"Tuandike nini?"

"Mtu yeyote."

Waziri alivua miwani, akaivaa, akaivua. Alijua vizuri kabisa maana ya maneno hayo mawili. Yaligharimu zaidi ya ghorofa ishirini na sita. Juu yao ilisikika foleni ikisogea, viti vikiburuzwa.

"Wewe una miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na minne, Mheshimiwa."

"Una akili kuliko umri wako."

"Ahsante, Mheshimiwa."

Akasaini. Waraka ulikuwa wa mistari miwili: umri wa mtu yeyote, kwa matumizi yote, ni ule alioishi tangu kuzaliwa. Tarehe iliandikwa ishirini na nne Juni. Waraka si sheria, najua, lakini katika nchi ile sheria ilikaa bungeni na waraka ulikaa ofisini, na kazi zilifanyika ofisini. Bi. Leokadia alipiga mihuri yote inayohitajika, akaingiza namba kwenye kompyuta, akalitoa faili rafu ya marehemu. Kwenye daftari hapakuwa na safu ya tukio kama hilo, akaandika: "Amerudi."

"Kwa hiyo sasa ni mzima?" aliuliza Waziri.

"Tangu saa nane na dakika kumi."

Waziri alipokwisha kupanda ngazi, Bi. Leokadia alitoa nakala tatu. Moja aliipeleka ghorofa ya kwanza. Ya pili aliitia mkobani kwa ajili ya mahakama. Ya tatu aliiambatanisha na barua ya kustaafu ya Leokadia Mbunju, miaka sitini, ambayo aliipokea mwenyewe, akaisajili mwenyewe na kuipitisha mwenyewe kabla mtu yeyote hajapata wazo.

*

Tarehe thelathini hakimu aliusoma waraka mara mbili. Akahesabu kwa vidole. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikiteremsha kibali chake ukutani, akakikunja, akatangaza kwamba mtoto anayetajwa kwenye hati ya mashtaka hayupo na hajawahi kuwepo, na kwamba mshtakiwa aende nyumbani na mkewe. Mzee Damasi aliushukuru ukuta.

Waziri alilihutubia taifa jioni hiyohiyo. Alisema amefuta mwenyewe kikokotoo kilichowaumiza wananchi, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyesogea karibu na mateso ya wastaafu kama yeye. "Wengine wanasema wako tayari kufa kwa ajili ya wananchi," alisema. "Mimi nilikufa." Mafao ya mjane hayakurudishwa, kwa kuheshimu majonzi ya familia.

Kufikia Agosti palikuwa na sheria mpya. Mtu angestaafu akiwa na sitini kama zamani, ila pensheni ingeanza baada ya miaka kumi ya Mapumziko ya Maandalizi, ili mwili usishtuke. Wengi waliingia humo, na Bi. Skolastika ni mmoja wao. Bi. Leokadia aliiwahi kwa mwezi mmoja. Alilipwa theluthi ya stahiki yake. Theluthi mbili, waliandika, zitalipwa Nyumba ya Uzee Mwema itakapopata wapangaji.

Lakini hayo ya theluthi yalikuja baadaye. Tarehe mosi Julai, saa saba mchana, Mzee Damasi alikuwa uani anapiga randa mguu wa kitanda. Alisikia sufuria ikitua, na mtu akipumua karibu naye.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Leo hukwenda?"

"Sikwenda."

Aliweka randa chini. Alipapasa ubao aliokuwa ameukalia, akakusanya maranda kwa kiganja, akayamwaga pembeni.

"Una miaka mingapi leo, Mama Koleta?"

"Sitini."

"Imethibitishwa?"

"Kwa waraka."

Mzee Damasi alisogea upande mmoja wa ule ubao, akapapasa nafasi iliyobaki aone kama inatosha.

"Kaa basi," alisema, "mzee mwenzangu."